Mkono wa indiketa: gari la kale la spoti kwenye barabara ya Same

Kati ya Hedaru na Same barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha hunyooka mwendo mrefu, milima ya Upare ikiwa kulia kwa anayepanda kaskazini, nyika ya bonde la Pangani ikiwa kushoto. Malori hayaishi. Nyuma ya kila lori kuna msururu wa watu wenye haraka zao, na hapo indiketa hufanya kazi ambayo aliyeibuni hakuifikiria. Dereva wa lori akiwasha ya kushoto, anamwambia aliye nyuma kwamba mbele kweupe, pita. Akiwasha ya kulia, anasema tulia, kuna gari linakuja. Usiku, magari mawili yakikaribiana, dereva humulika indiketa ya kulia mara mbili tatu ili mwenzake ajue bodi inaishia wapi. Lugha hii haifundishwi chuo cha udereva, na ina hatari yake: indiketa ya kulia ya lori huweza vilevile kumaanisha kwamba lori lenyewe linakata kulia kuingia Makanya. Hata hivyo ndiyo lugha ya barabara, na asiyeweza kuijibu huwaweka wenzake roho juu.

Gari la kale la spoti huponzeka hapo mapema. Injini nzima, rangi inang'aa, viti vimeshonwa upya, kumbe mkono wa indiketa umelegea: ukiusukuma juu haukai, ukiushusha unazima taa za mbele. Mwenye gari huja kwa fundi na swali moja, nalo ni wapi atapata mkono mwingine. Hoja yangu ni kwamba swali hilo huulizwa mapema mno. Mara nyingi kilichokufa si mkono bali kilichojificha nyuma yake, na kilichokiua ni umeme mwingi ambao mtengenezaji aliupitisha mahali pembamba. Anayebadilisha mkono bila kushughulikia hilo ananunua ugonjwa uleule kwa bei mpya.

Magari yenyewe yalifikaje huku? Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa barabara za kawaida, zilezile za mabasi na ng'ombe. Volkswagen aliyoshinda nayo Vic Preston mwaka 1954 ni ya zama ambazo Volkswagen za Ulaya zilionyesha kona kwa kijiti chenye taa kilichochomoza kwenye nguzo ya mlango, kama mtu anayenyoosha mkono nje ya dirisha. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, waliipeleka Peugeot 404 mbele ya wote mara mbili mfululizo. Kisha ikaja Datsun 240Z, gari la spoti hasa, la milango miwili na injini ya silinda sita ya sentimita za ujazo 2,393. Edgar Herrmann alishinda nayo 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda nayo pia, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa ndani ya Datsun nyingine.

Katikati ya miaka ya 1970 Safari ilibaki Kenya peke yake, na mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kwa miaka ile magari ya spoti yaliyokuwa upande huu yaliishi kwa kile kilichopatikana huku huku. Mafundi waliojifunza kazi nyakati hizo walijua kufufua swichi kwa sababu swichi ya kubadilishia haikuwapo. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani, ambayo katika miaka kadhaa yamevuka na kuingia Tanzania. Mwaka 2011 Björn Waldegård, aliyekuwa ameshinda Safari yenyewe mwaka 1977 kwa Ford Escort, aliyashinda kwa Porsche 911. Kwa hiyo ukikuta gari la aina hiyo limeegeshwa kituo cha mafuta Same, usidhani limepotea njia.

Lakini tuseme ukweli: magari hayo ni machache. Yaliyomfundisha fundi wa Same kazi ya kolamu ya usukani ni Land Rover za kizamani, Peugeot 504, Volkswagen na pikapu za Datsun. Na hiyo ni bahati ya mwenye gari la spoti. Swichi ya indiketa ya gari la spoti la miaka ya 1960 haikuundwa na malaika. Mara nyingi ilitoka kwa watengenezaji walewale wa spea za umeme waliouzia magari ya kawaida, na akili iliyomo ndani ni ileile. Zipo Land Rover za zamani ambazo swichi yake ilifungwa kwa kibanio nje ya kolamu, ikiwa na kigurudumu cha mpira kilichosuguana na shingo ya usukani ili kurudisha mkono katikati. Fundi aliyewahi kuhangaika na kigurudumu hicho kilichokauka hatababaishwa na Porsche.

Ukiifungua swichi ya enzi hizo mezani, juu ya gazeti ili vitu visitawanyike, unakuta vitu vichache. Kuna mkono wenyewe, wa chuma chenye kishikio cha plastiki, unaozunguka kwenye pini moja. Kwenye kitako chake kuna gololi ndogo inayosukumwa na springi, nayo huangukia kwenye vishimo vitatu: kushoto, katikati, kulia. Ule mlio mtamu unaousikia ukiwasha indiketa unatoka hapo, kwa gololi kuingia shimoni. Chini yake kuna kibao cha bakelaiti kilichopigiliwa vipande vya shaba, na juu ya kibao hicho kinateleza kidaraja cha shaba kinachounganisha waya unaoleta umeme na waya wa upande uliochaguliwa. Mwisho kuna vikwaruzo viwili vya plastiki vinavyochungulia kuelekea kwenye shingo ya usukani. Shingo hiyo ina pete yenye jino. Ukikata kona, jino linapita juu ya kikwaruzo bila kufanya kitu. Ukirudisha usukani, linakisukuma kwa nyuma, gololi inaruka kutoka shimoni, na indiketa inazima.

Hapo ndipo jiografia inapoingia. Same mjini ni pakavu, pako upande ambao mvua ya milima haifiki vizuri, na gari lililoegeshwa juani mchana kutwa hupika kila plastiki iliyo nyuma ya kioo cha mbele. Vikwaruzo vinakuwa vigumu, kisha vinakatika kama ganda la yai. Vumbi jekundu nalo linaingia kwenye mwanya wa kolamu na kukutana na grisi ya kiwandani iliyowekwa miaka hamsini iliyopita. Grisi na vumbi vikichanganyika vinakuwa msasa. Kidaraja cha shaba kinajisugua juu ya msasa huo kila kona, na shaba inaliwa. Sasa lipandishe gari hilo barabara ya Mwembe, au lizungushe Kisiwani lielekee Mbaga. Saa moja baadaye uko kwenye ukungu na unyevu wa misitu iliyo chini ya kilele cha Shengena, chenye mita 2,462, na shaba iliyokuwa inasuguliwa sasa inapata kutu ya kijani. Gari la bondeni peke yake lina adui mmoja, la milimani peke yake lina mwingine. La Upare lina wote wawili siku moja.

Kona za mlimani zina lao pia. Ule utaratibu wa kujirudisha ulibuniwa kwa njia panda za mjini, mahali unapokata mara moja na kunyoosha. Kwenye kona za nyoka usukani unakwenda huku na huku bila kutulia, na jino linapita kwenye vikwaruzo mara nyingi sana hata indiketa ikiwa imezimwa. Ukiwasha ya kushoto ili kumwambia aliye nyuma apite, kona inayofuata inaizima kabla hajaiona. Dereva wa mlimani anaishia kuushikilia mkono kwa kidole, akiusukuma dhidi ya jino linalotaka kuurudisha, na hapo pini inalegea. Mikono mingi iliyolegea nadhani ni majeruhi wa vidole hivyo.

Hata hivyo, muuaji mkubwa ni umeme. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Upande mmoja wa indiketa una globu mbili za wati 21, mbele na nyuma. Jumla wati 42, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea tatu na nusu. Kidaraja cha shaba kinaweza kuubeba mzigo huo miaka mingi kikiwa safi. Tatizo ni kwamba katika magari mengi ya enzi hiyo swichi za kolamu zilibebeshwa na taa za mbele. Taa mbili za wati 55 ni wati 110, yaani ampea tisa na ushee, na ule ubadilishaji wa full na dimu hukata na kuunga mkondo huo wote. Datsun 240Z inajulikana duniani kote kwa ugonjwa huu: umeme wa taa kubwa unapita ndani ya swichi za kolamu bila rilei yoyote, na viunganishi vya plastiki vinapata moto mpaka vinayeyuka. Halafu mwenye gari, kwa kuogopa giza la nyika ya Mkomazi, anafunga globu za wati 100. Sasa zinapita ampea kumi na sita au zaidi mahali palipobuniwa kwa nusu yake.

Ndiyo maana nasema fundi mzuri haanzi na spea. Anaanza na maswali.

"Fundi, nataka mkono mpya wa indiketa."

"Hazadi zinawaka, mzee?"

"Zinawaka zote nne."

"Basi globu na ethi ni nzima. Tufungue kwanza, kununua baadaye."

Swali hilo la hazadi lina thamani kuliko nusu saa ya kuchokonoa waya. Katika magari mengi hazadi hutumia globu zilezile na ethi zilezile lakini huikwepa swichi ya indiketa, hivyo hazadi nzima na indiketa iliyokufa huelekeza kidole kwenye kolamu, au kwenye flasha ya indiketa pale gari linapokuwa na flasha mbili. Kinyume chake, ukiwasha indiketa ya kushoto na taa ya breki ya nyuma ikaanza kupepesa nayo, usiguse kolamu. Hiyo ni ethi mbovu: kutu imeingia pale taa inapofungwa kwenye bodi, na umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia globu ya jirani. Dawa yake ni msasa na skrubu.

Flasha nayo husingiziwa na kusingizia wengine. Ya kizamani ina kijibamba cha metali mbili kinachojikunja kikipashwa joto na mkondo unaopita, kinakata, kinapoa, kinaunga tena. Kanuni za kimataifa zinataka ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ufanyaji kazi wake unategemea mzigo. Globu moja ikiungua, mkondo unapungua na mwendo unaharibika, au taa inabaki imewaka tu bila kupepesa. Vijana wanaofunga globu za LED ili gari lipendeze hukutana na jambo hilo hilo, kwani LED hula umeme kidogo mno na kijibamba hakipati joto. Wengine wameng'oa kolamu nzima kwa kosa hilo. Flasha ya kielektroniki isiyojali mzigo inamaliza shida, na si ghali.

Ikithibitika kwamba ugonjwa uko kwenye kolamu, kazi ya kutoa usukani inadai utulivu. Nguzo hasi ya betri inatolewa kwanza, kwani waya wa honi uko hapo hapo na mlio wa ghafla umewahi kumfanya fundi agonge kioo kwa bisibisi. Matairi yanyooshwe mbele kabisa. Kifuniko cha honi kinatoka, nati kubwa ya katikati inalegezwa lakini haitolewi yote, na kabla ya kuvuta, alama inawekwa kwenye ncha ya shafti na kwenye usukani ili virudiane jino kwa jino. Mtu anayevuta usukani kwa magoti na mikono bila kuacha nati kwenye ncha huupokea usoni. Ukikataa kutoka, itumike pula. Nyundo ni marufuku: magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1960 kuja juu yana kolamu iliyobuniwa kujikunja wakati wa ajali ili isimchome dereva kifuani, na kuipigia nyundo ni kuikunja kabla ya ajali. Si kila fundi wa stendi analijua hili, na mwenye gari asione haya kulisema.

Baada ya hapo ni vifuniko viwili vya kolamu, skrubu chache, na fungu la waya. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa hata mmoja. Rangi za waya za gari la miaka hamsini zimefifia. Wa kijani wenye mstari mweupe na wa kijani wenye mstari wa njano zinafanana kwa mwanga wa jioni, na mstari wa njano wenyewe huonekana vizuri karibu na kolamu tu, ambako jua halikufika.

Sasa swichi iko mezani. Kwa mita fundi anapima kama umeme unapita kutoka mguu wa kuingilia hadi wa kushoto, kisha wa kulia, huku akiuchezesha mkono. Namba ikiruka ruka, shaba ni chafu au imeliwa. Uchafu unatoka kwa petroli kidogo au dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, kisha kifutio cha penseli. Kifutio ni kifaa cha ajabu kwa kazi hii: kinang'arisha shaba bila kuila. Msasa wa mbao haufai hata kidogo, kwani huacha mikwaruzo inayokusanya cheche. Kidaraja kilichopoteza msukumo hukunjwa kidogo kwa koleo ndogo ili kikandamize tena. Gololi hupakwa grisi kidogo, iliyo nyembamba. Shaba hupakwa ile ya umeme kama ipo, la sivyo iachwe kavu. Grisi ya bearing iliyojazwa humo inakaribisha vumbi la Same kwa mara ya pili. Mkono wa chuma uliovunjika karibu na pini unaweza kutobolewa katikati na kuungwa kwa kipande cha spoku ya baiskeli na gundi ngumu ya kuchanganya. Uliopoteza plastiki huvishwa kishikio kipya. Kazi hiyo ikifanywa kwa subira, haionekani.

Kuna vitu visivyofufuka: vikwaruzo vya plastiki vilivyokatika na bakelaiti iliyoungua. Bakelaiti ikigeuka nyeusi kwa moto, imeanza kupitisha umeme mahali isipotakiwa, na hapo huna budi kununua.

Wapi? Dar es Salaam watu wanaenda Gerezani na Ilala. Nairobi wanaenda Kirinyaga Road. Kwa Datsun kuna tumaini, kwani swichi za Nissan za miaka ileile hushabihiana ndani, na fundi anayejua hununua ya gari la kawaida kwa ajili ya viungo vyake tu: gololi, springi, kidaraja. Kwa gari la Kiingereza au la Kijerumani, njia ni kuagiza. Wapo wanaotengeneza upya swichi za magari ya kale huko Ulaya, Japani na Marekani, na ubora wao haulingani. Nakala nyingi za siku hizi zina shaba nyembamba kuliko ya asili, na mtu anayelipa nauli, ushuru na kusubiri kwa wiki nyingi anaweza kuletewa kitu dhaifu kuliko kile alichokitupa. Uchapishaji wa plastiki kwa kompyuta umeanza kusaidia kwa vikwaruzo na pete ya jino, ila plastiki ya bei rahisi inayotumiwa na mashine nyingi hulainika kwenye joto la gari lililofungwa vioo juani. Ukiagiza, sema gari linaishi wapi.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni upande wa mkono. Magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, yaani karibu yote tunayoyaendesha, yana indiketa kulia na waipa kushoto. Ya Ulaya yana indiketa kushoto hata usukani ukiwa kulia. Ndiyo sababu mtu aliyezoea Noah akipewa Mercedes huanza kufuta kioo kikavu kila anapotaka kukata kona. Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960 yalikuwa na indiketa kulia pia, na waliofanya hivyo walikuwa na sababu: dereva wa usukani wa kulia hubadilisha gia kwa mkono wa kushoto. Ukishuka kutoka Mbaga kwa gia ya pili, mkono wa kushoto uko kwenye gia, wa kulia uko usukanini na kidole chake kinaufikia mkono wa indiketa bila kuachia kitu. Hamishia indiketa kushoto, na utalazimika kuchagua kati ya gia na ishara mahali penye korongo.

Kwa hiyo anayetaka kufunga swichi ya Ulaya ndani ya Datsun kwa sababu ndiyo iliyopatikana, mimi ningemzuia. Si suala la uasili wala la kupendeza kwenye maonyesho. Mazoea ya mkono ni sehemu ya breki. Afadhali swichi ya Toyota ya zamani iliyokaa upande sahihi, hata kama mwenye kukusanya magari ya kale atakunja uso.

Kuna suluhisho la mtaani ambalo wengi hulidharau, la swichi ya nafasi tatu iliyofungwa kwenye dashibodi: juu kulia, chini kushoto, katikati imezimwa. Haijirudishi yenyewe, na dereva msahaulifu ataendesha kutoka Same hadi Mwanga akimwambia kila aliye nyuma apite. Kwenye barabara yenye lugha niliyoieleza mwanzoni, huo si uzembe mdogo; mtu anaweza kuamini na kupita. Lakini kwa gari linalosubiri spea, swichi hiyo yenye taa ndogo ya ukumbusho na mlio ni bora mara mia kuliko mkono wa asili unaowasha siku moja na kugoma siku ya pili. Trafiki naye hatazami uasili. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka dereva aonyeshe ishara kabla ya kukata au kubadilisha upande, na anayesimamishwa bila indiketa hatasaidiwa na hadithi ya Shekhar Mehta. Ishara za mkono zimo pia katika kanuni za udereva. Jaribu kuzitoa nje mvua ya masika ikinyesha Mwanga, uone nani ataziona.

Kama kuna fedha ya kufanya jambo moja tu, isiende kwenye mkono. Iende kwenye rilei mbili za taa za mbele. Rilei hufungwa karibu na betri kwa waya mnene na fyuzi yake, na swichi ya kolamu inabaki na kazi ya kuziamuru tu, kwa mkondo usiofika nusu ampea. Taa zinang'aa zaidi, kwa sababu umeme haupotei njiani, na swichi iliyosafishwa kwa kifutio itadumu kuliko mpya isiyo na rilei. Kazi hiyo hailiharibu gari. Mafundi waangalifu huifunga kwa viunganishi vya kuchomeka, bila kukata waya wa asili hata mmoja, ili mwenye gari wa baadaye aitoe akitaka.

Wakati wa kurudisha, swichi ifungwe mkono ukiwa katikati, matairi yamenyooka na jino la pete likiwa katikati ya vikwaruzo viwili. Likiwa limeelemea upande mmoja, indiketa ya kushoto itazima mapema na ya kulia haitazima kabisa, na mwenye gari atarudi kudai kwamba spea ni feki. Usukani uingie kwenye alama zilizowekwa, nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu, honi ijaribiwe usukani ukizungushwa mwisho kwa mwisho, kwani kibrashi chake kinachosugua pete ya shaba hupinda kirahisi kazi inapofanyika, na kwenye kona za Upare honi inatangulia indiketa kwa umuhimu. Kisha gari litoke barabarani: kata kushoto, kata kulia, kona ndefu, kona fupi, full, dimu, usiku na mchana.

Swichi ya zamani isitupwe. Ifungwe kwenye mfuko na ibaki na gari, kwa sababu siku nakala mpya ikivunjika, bakelaiti iliyoungua ya ile ya zamani ndiyo ramani pekee ya mahali kila waya unapokaa. Na karatasi yenye rangi za waya, zile za kiwandani na zile alizotumia fundi baada ya kukosa za kufanana, ibandikwe upande wa ndani wa kifuniko cha kolamu, ambako fundi mwingine ataikuta akifungua.